ANAYETUTAZAMA NAYE TUMTAZAME

Siku hizi kila mkubwa asimamapo jukwaani hutuahidi mji wa kisasa, au kama wanavyopenda kuuita wenyewe, "mji mwerevu". Twaambiwa taa zitajiwasha zenyewe, magari yatahesabiwa njiani, maji yatapimwa bomba kwa bomba, na kamera zitamwona mwizi kabla hajakata kona. Sisi hatuna ugomvi na taa, wala na maji, wala na kukamatwa kwa mwizi. Anayeweza kuzidharau taa ni yule ambaye mtaa wake unazo tangu zamani. Lakini mwisho wa hotuba hizo huja ombi dogo, nalo hupitishwa upesi upesi: wananchi wawe na imani. Hapo ndipo twataka kusimama kidogo, maana imani si kaa la moto la kuombwa kwa jirani.

Sisi tunaozunguka matawini twajua imani hupatikanaje. Mwananchi maskini atoa shilingi zake za kadi, naye hamjui mweka hazina wala ukoo wake. Siku ya mkutano mweka hazina afungua daftari, asoma: zimeingia kadha, nauli kadha, kodi ya chumba kadha, zimebaki kadha. Mama mmoja wa nyuma, asiyejua hata kusoma, ainua mkono, auliza mbona nauli ya mwezi huu imezidi ya mwezi jana. Ajibiwa. Mwezi ujao atatoa tena. Siku daftari lisipoonekana, hata mweka hazina awe mcha Mungu namna gani, tawi hilo limekwisha kufa, limebaki jina mlangoni.

Sasa na tuangalie serikali ilivyofungua daftari lake juu ya kamera zilizo barabarani.

Mnamo Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika jengo la Westgate, Nairobi. Watu waliogopa, na haki yao kuogopa. Mwaka uliofuata serikali ikaipa kampuni ya Safaricom kazi ya kuwajengea polisi mtambo wa mawasiliano na kamera 1,800 za kuangalia Nairobi na Mombasa, kwa vifaa vya Huawei ya Uchina. Bei ilitajwa kuwa shilingi bilioni 14.9. Wabunge waliuliza kwa nini kazi kubwa namna ile haikushindanishwa na wengine. Mabishano yakawa, kisha kazi ikaendelea. Mtu akipita leo chini ya nguzo zile, na amwulize mpita njia yeyote: kamera hii yatazamwa na nani? Picha yangu yahifadhiwa siku ngapi? Nani aruhusiwa kuichukua, na kwa hati ya nani? Hatapata wa kumjibu. Wala tusimlaumu mpita njia, kwa kuwa hakuambiwa.

Tena angalieni miaka. Kamera zilianza kujengwa 2014. Sheria ya kulinda habari za watu ilitiwa sahihi Novemba 2019. Kwa muda wa miaka mitano nchi ilikuwa na jicho pasipo kope. Na sheria hiyo ilipokuja, yenyewe iliacha mlango wazi ulioandikwa "usalama wa taifa", na kila mwenye kutaka kujificha ajua njia ya mlango huo.

Wapo watakaosema kwamba mwananchi wa kawaida hajali mambo haya, na kwamba ni mazungumzo ya wasomi. Bwana huyo hakuzungumza na wazee. Wazee wetu wajua sana maana ya kuandikwa na usijue umeandikwa nini. Tangu mwaka 1919 au 1920, kwa sheria iliyotungwa 1915, mwanamume Mwafrika katika Kenya alilazimishwa kuchukua kipande: karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake na habari za kazi zake, ndani ya kopo la chuma lililoning'inia shingoni. Bwana wake asipotia sahihi ya kumwachilia, alihesabiwa mtoro. Wengi waliyabeba maneno hayo kifuani miaka na miaka pasipo kuweza kuyasoma. Karatasi ilimsema mtu mbele ya kila askari, na mwenyewe hakuwa na njia ya kuijibu. Kipande kilikwisha katika miaka ya 1940 baada ya watu kukipinga kwa muda mrefu, lakini uchungu wake haukuzikwa pamoja nacho.

Basi serikali ilipoanza kuandikisha watu kwa Huduma Namba mwaka 2019, watu wakanung'unika, wakubwa walishangaa. Wangeshangaa nini? Habari za mamilioni zilikusanywa kwanza, na sheria ya kuzilinda ikafuata nyuma. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza kuchukua habari za damu ya nasaba na za mahali mtu alipo, ikaamuru kazi isiendelee mpaka ziwepo kanuni zilizo kamili. Oktoba 2021 mahakama hiyo ikatangaza kuwa utoaji wa kadi ulikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu hatari kwa faragha ya watu haikupimwa kwanza. Fedha zilikuwa zimekwisha kutumika, foleni zimekwisha kupangwa juani, na kadi zikabaki vipande vya plastiki. Usiri uliigharimu serikali yenyewe.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la nchi changa peke yake. Mji wa San Diego huko Marekani ulianza mwaka 2016 kubadili taa zake za barabarani kwa mradi wa dola milioni 30. Taa zaidi ya 3,000 zilitiwa vyombo vya kupima na kamera. Madiwani waliambiwa kuwa vitapunguza gharama ya umeme, vitahesabu magari, vitaonyesha nafasi za kuegesha. Nani angekataa? Lakini Agosti 2018 polisi walianza kuchukua picha za kamera zile kwa uchunguzi wao, na wakazi wengi hawakujua mpaka 2019. Kufika 2020 zilikuwa zimetumika katika mashauri mamia, yakiwemo ya watu walioandamana baada ya kuuawa kwa George Floyd.

Wakazi waliungana, mtaa kwa mtaa, wakaenda kwenye vikao vya halmashauri wakiuliza maswali yaleyale tuliyoyauliza hapa juu. Septemba 2020 meya akaamuru kamera zizimwe. Ndipo likaonekana jambo la kuchekesha, kama si la kuliza: kamera na taa vilikuwa vyatumia umeme wa njia moja, hata ukitaka kuzima kamera sharti mtaa nao uingie giza. Waliotengeneza mtambo ule hawakuwaza kwamba siku moja raia atasema hapana.

Wakubwa wetu husema kuwa tukiweka mambo wazi mhalifu atafaidika. Wamwulize mkuu wa polisi wa San Diego. Kamera alizozitumia kimyakimya alinyang'anywa miaka mitatu. Mwaka 2022 mji ukatunga sheria: chombo chochote cha kuangalia watu, kabla hakijatumika, kitaandikiwa kazi yake, nani atakitumia, na habari zitakaa muda gani, na hayo yote yatasomwa mbele ya bodi ya raia kisha mbele ya madiwani. Mwaka 2023 polisi walirudi kwa njia hiyo kuomba kamera 500, zenye uwezo wa kusoma nambari za magari. Bodi ya raia ilishauri wakataliwe, madiwani wakawakubalia. Sisi tungalipiga kura pamoja na bodi. Lakini waliokuwa upande wa bodi walishindwa mchana kweupe, majina ya waliopiga kura yajulikana, na uchaguzi haukosi kurudi.

Kuna na hila nyingine ya kuangaliwa. Mjini Toronto, Kanada, kampuni ya Sidewalk Labs, ndugu yake Google, ilikuja mwaka 2017 na mpango wa kujenga mtaa wa kisasa kando ya ziwa, kiwanja cha eka 12. Watu walipouliza habari zao zitamilikiwa na nani, jibu liligeuka kila mara. Mtaalamu wa faragha, Bibi Ann Cavoukian, aliyekuwa mshauri wa kampuni, alijiuzulu Oktoba 2018 kwa kuwa hakupewa hakikisho kwamba watu wote watakaoshiriki wangefuta utambulisho wa watu tangu pale habari zinapokusanywa. Mwaka 2019 kampuni ikatoa mpango wake: kurasa zaidi ya 1,500! Mei 2020 ikaondoka, ikitaja hali mbaya ya uchumi. Mwalimu akimpa mtoto wa darasa la tatu kamusi nzima na kumwambia jibu limo humo, hajamfundisha kitu, amemkimbia. Wakituletea mikataba kwa lori, tuwarudishie, tutake ukurasa mmoja unaosomeka.

Na yawezekana. Miji ya Amsterdam na Helsinki ilifungua mwaka 2020 madaftari ya wazi ya hesabu za kompyuta ambazo serikali ya mji hutumia. Mwananchi asoma kwa lugha ya kawaida: mtambo huu wafanya kazi gani, wala habari gani, nani amesimamia, malalamiko yapelekwe wapi. Amsterdam ikazidi: tangu Desemba 2021 awekaye chombo cha kuhesabu au kupiga picha mahali pa watu wote, awe kampuni au idara, yampasa akiandikishe, na ramani yaonyesha kipo wapi. Wezi hawakuimeza Amsterdam.

Turudi kwetu, kwa jambo zito zaidi. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu, kijana wa miaka 31, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maneno aliyodaiwa kuandika mtandaoni juu ya mkubwa mmoja wa polisi. Alisafirishwa mpaka kituo cha Central, Nairobi, akafa mikononi mwa polisi. Kwanza ilisemwa kuwa alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliopima maiti waliona majeraha yasiyolingana na maneno hayo. Je, kituo hicho hakikuwa na kamera? Kilikuwa nazo. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi iliieleza Seneti kwamba mitambo ya kamera ilikuwa imechezewa. Watu kadhaa, wakiwemo polisi, walishtakiwa kwa mauaji. Hukumu ni ya mahakama, sisi hatuiingilii. Tuulizalo ni hili: kamera iliyo barabarani huona nambari ya gari usiku wa mvua, iliyo ndani ya kituo, siku mwalimu amekufa, hupofuka kwa amri ya nani? Funguo za kumbukumbu zikiwa kwa yule yule anayepaswa kuchunguzwa, hapana hotuba ya mji mwerevu itakayomfanya mama wa Kayole au Likoni aiamini nguzo iliyo mbele ya nyumba yake.

Kwa hiyo twataka kumbukumbu za picha ziwekwe chini ya mikono miwili, wa pili usiwe wa polisi. Twataka kila achukuaye picha aandikwe jina, saa na sababu, na jumla yake itangazwe kila mwaka. Twataka kibao chini ya kila nguzo, kwa Kiswahili, kitaje mwenye kamera na mahali pa kulalamika. Na mkataba wowote wa mitambo ya mji usomwe mbele ya bunge la kaunti kabla haujatiwa sahihi.

Haya hatuyaombi kwa hisani. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 champa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya mwaka 2016 imeonyesha njia. Barua yaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, ofisi imepewa wajibu wa kumsaidia. Asikubali kufukuzwa dirishani. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na kama jambo lahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Ikikataa au ikinyamaza, shauri lapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kila tawi la mjini na lichague watu wawili, mmoja awe kijana anayejua kompyuta, mmoja awe mzee anayejua mtaa. Wazihesabu kamera za mtaa wao nguzo kwa nguzo, waandike mahali zilipo, kisha waandike barua moja kwa kaunti na moja kwa polisi: mwenye kamera ni nani, mkataba u wapi, picha hukaa siku ngapi, mwaka uliopita zilichukuliwa mara ngapi. Tarehe ya kupokelewa igongwe muhuri kwenye nakala, na nakala iletwe isomwe kwenye mkutano wa mwezi, baada ya daftari la fedha.