Mzee Mshume Kiyate, Mchuuzi wa Samaki



Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa tukisomesha chuoni kwetu hapa Ngamiani, Tanga, tukaona mkeka umegawika. Upande mmoja watoto wamebanana, na upande wa pili ameketi kijana mmoja peke yake na juzuu yake. Tulipouliza sababu, wakacheka: "Maalim, huyu anuka samaki!"

Baba yake ni mchuuzi. Alfajiri huenda mnadani Deep Sea, akanunua alichojaaliwa, akakitembeza kwa baiskeli. Na kijana humsaidia kupara magamba kabla ya kuja chuoni. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, badala ya kuwakemea wale wenye kucheka, tulimwambia yule mmoja asogee karibu na dirisha. Akasogea, wala hakusema neno. Siku ya pili hakuja, wala ya tatu.

Kila mwaka twawasomesha watoto kwamba Nabii Daud, amani iwe juu yake, alifua deraya kwa mikono yake, na ya kuwa Nabii Zakaria alikuwa seremala. Tukayasahau haya yote kwa harufu ya samaki! Usiku ule usingizi ulitukataa, na fikira zikatupeleka kwa mchuuzi mwingine, marehemu Mzee Mshume Kiyate wa Dar es Salaam, ambaye vijana wengi leo, kama wamjua, wamjua kwa mtaa wa Kariakoo tu, ule uliokuwa ukiitwa Tandamti kabla ya kupewa jina lake.

Mzee Mshume alikuwa akiuza samaki katika soko la Kariakoo, tena alikuwa mmoja wa wazee wa TANU. Chama hicho kiliundwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka 1955 Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa akisomesha Pugu, akatakiwa achague: kazi ya ualimu au siasa. Akaacha kazi. Mshahara ukakoma, na nyumbani ana mke na watoto wadogo. Wasemaji walikuwapo wengi zama zile, na hotuba zao zilipendeza. Lakini hotuba haitiwi chunguni ikaiva. Mohamed Said, mwandishi wa historia ya Waislamu katika kupigania uhuru, amesimulia kwamba Mzee Mshume ndiye aliyejitwisha mzigo wa chakula cha nyumba ile.

Mwenye kuijua biashara ya samaki ataelewa uzito wa jambo hili. Nguo isiyouzwa leo itauzwa kesho, na mchele hungoja gunani, samaki hangoji. Jua likipanda bei hushuka, na mtaji wa mchuuzi ndio huo huo ulio mbele yake mezani. Atoaye hapo hatoi kilichozidi. Tena Mzee Mshume alikuwa Mwislamu, naye Mwalimu Mkristo mgeni katika mji, mtu wa bara, hana undugu naye wa damu wala wa kabila. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, yule aliyekuwa akiletewa kitoweo akawa Waziri Mkuu, na mwaka uliofuata akawa Rais. (Twapenda kuwauliza vijana wanaopita mtaa ule kwa haraka ya kununua simu na viatu, kama walipata hata mara moja kusimama na kuuliza jina lile ni la nani.)

Asubuhi yake tukaenda nyumbani kwa yule kijana. Tulimkuta baba yake uani, kisu mkononi. Alinawa upesi akatukaribisha, akidhani tumefuata ada ya chuo. Tukamweleza kosa letu mbele ya mwanawe, na haikuwa kazi nyepesi kwa mtu wa umri wetu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Maalim, yamekwisha." Tulipotaka kuondoka alitufungia changu wawili, na tulipotia mkono mfukoni akakataa katakata.

Jumamosi kijana alirudi. Tulimketisha mbele, ubavuni petu, tukawasimulia watoto wote habari za Mzee Mshume. Sasa amefika Wadhuha, na sauti yake ni nzuri.