Kitabu cha Kale si Karatasi ya Kufungia Karanga

Katika mji wetu wa Likasi iko desturi mbaya, na leo tumekusudia kuisema waziwazi. Mzee akifa, warithi hugawana viti, sahani, redio na baiskeli. Sanduku la vitabu vyake hakuna alitakaye. Mwishowe vitabu huenda sokoni, na kurasa zake huchanwa moja moja kufungia karanga. Watu husema ni umaskini. Sisi twasema ni ujinga unaozaa umaskini.

Sikilizeni. Mwaka 1945 Padre Placide Tempels, Mfransisko aliyefanya kazi kati ya Waluba wa Katanga, alitoa kitabu chake La philosophie bantoue. Hakikutolewa kwanza Paris. Kilitolewa hapa kwetu, Elisabethville, mji uitwao Lubumbashi tangu 1966. Paris ilikitoa mwaka 1949. Basi chapa ile ya 1945 ndiyo mzaliwa wa kwanza, na wakusanyaji wa vitabu huitafuta kuliko zilizofuata. Nayo ilizaliwa katika jimbo letu!

Tena, mwaka 1965 André Yav aliandika habari za mji huohuo, kwa Kiswahili cha mjini, kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani. Kilikuwa kijitabu cha kupigwa taipu tu, bila jalada la fahari. Mwaka 1990 Johannes Fabian na wenzake walikitoa huko Amsterdam, na sasa wataalamu wa nchi nyingi hukisoma. Kama nakala zote zingalifungiwa karanga, sauti ya wapishi na maboyi wa Elisabethville ingalinyamaza milele.

Wengine watatujibu: “Tuna njaa, na kitabu hakiliwi.” Vema. Lakini hapa Likasi hata mtoto ajua kwamba jiwe la kijani halitupwi, maana ndani yake mna shaba. Tena mchimbaji auzaye mawe bila kupima shaba iliyomo hupunjwa na mnunuzi. Mbona twapunjwa kwa vitabu nasi twacheka? Kuuza si dhambi. Kuuza usichokijua ndiko upumbavu. Kwanza tazama mwaka na mji wa kuchapwa, hesabu kurasa, umwulize mwalimu au mtu wa maktaba. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wako pia wapendao vitabu, nao huviua kwa mapenzi yao. Jalada likichanika, hubandika utepe wa plastiki. Baada ya miaka gundi yake hugeuka rangi ya kahawia na kupenya karatasi, wala haitoki tena. Wengine hukata kingo za kurasa ili zilingane, au hutupa jalada la asili na kutia jipya linalong'aa. Hawajui kwamba thamani ya kitabu cha kale ni uzima wake: jalada lake la kwanza, kurasa zake zote, hata jina la mwenyewe lililoandikwa ndani. Kitabu kilichopambwa upya vibaya kimeshushwa bei na mkono wa mwenyewe.

Basi tufanyeje? Vitabu vingi vya karne iliyopita vimechapwa kwenye karatasi ya mti yenye asidi, nayo hugeuka manjano na kuvunjika upesi ikipigwa na jua. Viweke mahali pa kivuli. Majira ya mvua, tangu Novemba hadi Aprili, visiegemee ukuta wenye unyevu. Visilale chini, kwa sababu ya mchwa. Viinue juu ya rafu, uvikague kila mwezi. Usivifungie katika mfuko wa plastiki, maana unyevu ukinaswa humo huleta ukungu. Mikono iwe safi na mikavu. Kilichochanika kifungwe kwa utepe wa pamba, kingoje fundi. Haya yote hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji uangalifu tu.

Wazazi, waonyesheni watoto sanduku lile mkiwa hai, mwaambie kilichomo. Nanyi warithi, kabla ya kumwita mwenye mizani ya sokoni, fungueni ukurasa wa kwanza, msome.