Elektroni si Gololi

Jioni moja ya masika nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya Kenyatta, katikati ya jiji la Nairobi, pamoja na kijana wa jirani yangu aliye kidato cha nne. Mvua ilipopungua, nilimwambia auinamishe mwavuli wake mbele ya uso na kuitazama taa moja ya mbali kupitia kitambaa. Alishangaa. Badala ya taa moja, aliona vidoa vya mwanga vilivyojipanga kama askari wa gwaride. Nikamweleza kwamba mwanga ni wimbi, na wimbi lipitapo katika vitundu vyembamba vya kitambaa hutawanyika, likajumlika mahali pengine na kujifuta pengine.

"Na elektroni je, Mwalimu?" akaniuliza. "Darasani tuliambiwa ni chembe. Nilipotaka kujua zaidi, nikajibiwa kwamba hayo hayamo mtihanini."

Jibu hilo lilinihuzunisha, kwani mimi pia, katika miaka yangu ya ualimu, niliwahi kulitoa. Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga, na swali la kijana huyu ni lile lile lililoitikisa fizikia karne iliyopita.

Mwaka 1924 Mfaransa Louis de Broglie aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari jijini Paris. Alidai kwamba iwapo mwanga, tuliouzoea kuwa wimbi, huweza kutenda kama chembe, basi chembe nazo zina wimbi lake. Urefu wa wimbi hilo hupatikana kwa kuigawa namba thabiti ya Planck kwa zao la tungamo na kasi ya chembe. Mwaka 1927 Clinton Davisson na Lester Germer, huko Marekani, walizirusha elektroni kwenye fuwele ya nikeli, nazo zikarudi kwa mpangilio wa mawimbi. Mwaka uo huo George Thomson, akiwa Uskochi, alipata ushahidi kama huo kwa kuzipitisha katika utando mwembamba. Baba yake, J. J. Thomson, ndiye aliyeigundua elektroni mwaka 1897 na kuionyesha kuwa chembe. Baba na mwana wote walipata Tuzo ya Nobel, na hakuna aliyemkanusha mwenziwe.

Je, ni wimbi la kitu gani? Mjerumani Max Born alijibu mwaka 1926 kwamba ni wimbi la uwezekano. Elektroni moja ikigonga kiwambo huacha nukta moja tu. Lakini maelfu yakifika, hata kama yanatumwa moja baada ya nyingine, nukta zake hujipanga kwa milia ambayo mawimbi pekee ndiyo huichora.

Basi kwa nini matatu haitawanyiki ipitapo kati ya magari mawili pale Westlands? Tupige hesabu. Tuchukue matatu ya kilo 3,000 ikienda kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. Urefu wa wimbi lake ukiupima kwa mita ni desimali yenye sufuri 37 kabla ya tarakimu ya kwanza. Wimbi dogo kiasi hicho halina tundu la kulitawanya. Elektroni ni nyepesi mno, ndiyo maana wimbi lake linakaribiana na nafasi iliyopo kati ya atomu za fuwele.

Huenda mwalimu akasema kuwa hayo ni mambo ya Wazungu na maabara zao. La hasha! Na aiabiri matatu hiyo hiyo, apite Westlands na Kangemi kwa barabara ya Waiyaki hadi Kabete, magharibi ya jiji. Huko ndiko ilikoanzishwa, mwaka 1973, maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, ILRAD, ambayo katikati ya miaka ya 1990 iliingizwa katika taasisi ya ILRI. Mapema katika miaka ya 1980 Don Fawcett, bingwa wa hadubini ya elektroni aliyetoka Chuo Kikuu cha Harvard, alifanya kazi huko pamoja na wenzake. Walitaka kujua vijidudu vya ndigana kali, maradhi yaenezwayo na kupe na yanayowafukarisha wafugaji wetu, huingiaje katika chembechembe nyeupe za damu ya ng'ombe.

Hadubini ya kawaida haikuweza kuwajibu. Mwanga hauonyeshi barabara vitu vidogo kuliko takriban nanomita 200, kwa sababu wimbi lake ni refu. Wimbi la elektroni iliyosukumwa kwa volti 100,000 ni fupi kuliko la mwanga zaidi ya mara 100,000. Kwa wimbi hilo walikiona kijidudu kikijibandika kwenye utando wa chembe hadi ukakimeza, kisha utando huo ukatoweka na kukiacha huru ndani ya nyumba ya wenyewe.

Kwa hiyo, wazo la de Broglie lilikwisha kutufaa hapa Nairobi kabla wengi wa wanafunzi wetu hawajazaliwa, nasi tungali tukiwaambia kwamba elektroni ni gololi.

Walimu wenzangu, mfumo wa 8-4-4 unaupisha mtaala wa umilisi, unaodai mwanafunzi atende badala ya kukariri. Mtaala hautafaa kitu iwapo sisi tutaendelea kuyafukuza maswali. Mwavuli upo, beseni la maji la kuonyeshea mawimbi lipo, na hesabu ya matatu haihitaji maabara. Nanyi wanafunzi, mkiambiwa jambo halimo mtihanini, lisomeni hata hivyo. Ng'ombe anayeugua ndigana kali hatibiwi kwa alama za mtihani.