Kikohozi Kisicho cha TB Nacho Kina Jina

Mtoto wa Malambo, wilayani Ngorongoro, akikohoa majuma mfululizo, wazo la kwanza ni kifua kikuu (TB), na ni sahihi: kinaua, na kina tiba. Hoja yetu inaanzia pale kipimo cha GeneXpert kinapokosa vimelea vya TB kwenye makohozi, dozi ya dawa za TB ikatolewa hata hivyo, ikaisha, na mtoto bado anakohoa. Hapo ndipo unapopaswa kukumbukwa ugonjwa wa kurithi wa silia, vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma kamasi nje ya njia ya hewa. Silia zikizaliwa na hitilafu, kamasi hutuama, maambukizi hujirudia na mapafu huharibika kidogo kidogo.

Wapo watakaosema vipimo vyake viko mbali nasi. Ni kweli: kupima gesi ya puani, hadubini ya elektroni na uchunguzi wa jeni ni kazi ya maabara chache. Lakini upimaji huanza kwa maswali manne. Je, mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake alipata shida ya kupumua mara tu alipozaliwa? Je, kikohozi cha makohozi kilianza kabla ya miezi sita na hakikomi mwaka mzima? Je, pua nayo imeziba kila siku tangu umri huo? Je, moyo uko kulia? Matatu ya mwanzo mama anayajibu pale pale zahanati. La nne linajibiwa na eksirei ile ile inayopigwa kutafuta TB, kwa kuwa karibu nusu ya wagonjwa hawa viungo vyao vimepinduka, hali aliyoieleza daktari Kartagener wa Zurich mwaka 1933. Picha ikionyesha moyo upande wa kulia, isigeuzwe kwa kudhani imewekwa vibaya. Iangaliwe alama ya upande, kisha kifua kisikilizwe.

Wengine watauliza faida ya kutambua ugonjwa adimu usioponyeka. Faida ni kubwa: mazoezi ya kutoa makohozi, antibayotiki za mapema na uangalizi wa masikio huchelewesha uharibifu, na mtoto hapewi tena dawa za TB asizozihitaji. Wazazi nao huelewa kwamba kwa kawaida kila mmoja alibeba jeni bila dalili, hivyo hakuna wa kulaumiwa. Tunataka maswali haya manne yaulizwe kabla dozi ya pili ya TB haijaandikwa, na majibu yake yaandamane na mtoto hadi Hospitali ya Wasso, na ikibidi hadi hospitali ya KCMC, Moshi.