KONA YA MWALIMU: Mtumbwi au kayaki, kipi kinafaa kwa mvuvi mmoja?

Mwezi huu najibu swali la vijana wa darasa la jioni. Waliona picha ya watalii wakishuka maporomoko ya Nile kule Jinja kwa kayaki, wakauliza: mtu mmoja akitaka kuvua, achukue kayaki au mtumbwi?

Kwanza tuelewane kuhusu maji yetu. Mito ya hapa kama Mubuku na Sebwe inateremka kwa kasi kutoka milima ya Rwenzori, na imejaa mawe. Mnakumbuka Mei 2020 jinsi ilivyofurika. Huko hakuna kazi ya chombo. Chombo kinatakiwa kule inakoishia, ziwa George, na kwenye mfereji wa Kazinga unaolipeleka maji ziwa Edward. Ndugu waliotoka Vitshumbi na Kyavinyonge, ng'ambo ya Kongo, wanalijua hilo ziwa la Edward vizuri.

Sasa tulinganishe.

Kayaki ilianza kwa wawindaji wa Greenland na nchi nyingine za barafu. Walitengeneza kiunzi cha mti au mfupa, wakakivika ngozi. Mtu anakaa chini kabisa, miguu imenyooka mbele, juu pamefunikwa. Kafi lake lina mabapa mawili, anapiga kushoto na kulia, kwa hiyo inakwenda moja kwa moja na kwa mwendo. Upepo nao hauishiki sana kwa sababu iko chini. Lakini nafasi ni ndogo! Wavu uliolowa utauweka wapi? Na samaki je? Kuna kayaki za plastiki za siku hizi zilizo wazi juu, za kuvulia kwa ndoana, ila bado si za kubeba nyavu.

Mtumbwi uko wazi. Unaweza kupiga magoti, kusogea, kuvuta wavu, kumwaga ngege na kambare ndani. Penye maji mafupi unasukuma kwa mti mrefu. Ubaya wake ni huu: ukiwa peke yako na kafi la bapa moja, ukipiga kulia mtumbwi unakata kushoto. Inabidi mwisho wa kila pigo uligeuze kafi kidogo na kusukuma nje, ndipo unyooke. Tena ukikaa nyuma kabisa, mbele panainuka na upepo unakuzungusha. Dawa yake ni kukaa karibu na katikati, au kuweka mzigo mbele. Ukiona mawimbi, piga magoti, usisimame.

Basi kwa kazi ya nyavu mtumbwi unashinda. Kwa mwendo na upepo, kayaki inashinda.

Lakini wazazi, neno kubwa liko hapa. Kwa maji yetu shida kubwa ni hilo neno "mmoja". Ziwa George lina kina cha wastani wa mita 2 na nusu hivi, na viboko wanapenda maji ya namna hiyo kwa sababu wanatembea chini. Kiboko dume anaweza kupita kilo 1,500. Akiinuka chini yako, mtumbwi na kayaki ni sawasawa tu. Tena saa zake ni saa za mvuvi: jioni anatoka kwenda kula majani, alfajiri anarudi majini. Mvuvi naye jioni anatega, alfajiri anategua. Aliye peke yake akipinduliwa, nani atamvuta? Nani atapiga kelele?

Najua nyumbani mboga ni shida, na kijana akileta samaki mama anafurahi. Tusimkataze tu, tumpe masharti:

1. Asiende peke yake. Wawe wawili au zaidi, na mmoja awe mzoefu wa maji hayo.
2. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea, hata kama anajua kuogelea. Lililokunjwa chini ya miguu halisaidii.
3. Wagonge ubavu wa mtumbwi kwa kafi wanapokwenda, ili kiboko awasikie. Wasipite kati yake na maji ya kina, maana huko ndiko anakimbilia.
4. Waulize kwanza viongozi wa mwalo, iwe Hamukungu, Kahendero au Katunguru. Kuvua kunataka leseni, na vijiji hivyo viko ndani ya eneo la mbuga ya Queen Elizabeth. Mkimbizi akikamatwa bila karatasi, familia yote inahangaika.
5. Waseme nyumbani wanaenda wapi na watarudi saa ngapi.

Wazee mliovua zamani, karibuni darasani siku yoyote jioni mwafundishe vijana kupiga kafi. Hiyo elimu tusiiache ipotee.

Tuonane mwezi ujao.

Mwalimu wenu wa kujitolea