Gesi baridi kuliko anga: Joto kiduchu linavyowaumiza kichwa wanasayansi

Sukari inayeyuka haraka kwenye chai ya moto kuliko kwenye maji baridi. Tumezoea hivyo: joto huchanganya. Lakini kwenye gesi zilizopozwa kupita kiasi, mambo si rahisi hivyo, na jibu lake sasa linahitajika hadi angani.

Novemba 2023, watafiti wanaotumia Cold Atom Lab, maabara ya NASA iliyo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, walitangaza kwamba wamepoza atomi za rubidiamu na potasiamu kwa pamoja hadi karibu kabisa na sifuri kamili, yaani nyuzi -273.15 za Selsiasi.

Kwa nini waende mbali hivyo? Atomi ya rubidiamu ina uzito karibu mara mbili ya ile ya potasiamu. Huku duniani mvutano unaishusha zaidi, na mawingu mawili ya gesi hayakai sehemu moja. Kule juu tatizo hilo linapungua sana.

Yanabaki mawili. Kwanza, kusukumana: atomi za aina tofauti zikisukumana kwa nguvu kuliko zinavyosukumana za aina moja, gesi zinajitenga kama mafuta na maji. Pili, joto lililosalia, hata likiwa dogo mno.

Utata uko hapo kwenye joto. Mwaka 2015, Arko Roy na Dilip Angom wa India walionyesha kwa hesabu kwamba joto linaweza kuzuia gesi zisijitenge. Mwaka 2019, Miki Ota, Stefano Giorgini na Sandro Stringari, wakiwa Italia, wakaja na hesabu nyingine: gesi zinazochanganyika vizuri kwenye sifuri kamili zinaweza kutengana joto likipanda.

Si kwamba upande mmoja umekosea. Hali walizochunguza ni tofauti. Somo ni moja tu: huwezi kupiga hesabu ukijifanya joto halipo.

Hili si la vitabuni tu. Atomi hizi zinaandaliwa kupima kama vitu vya aina tofauti huanguka sawasawa, msingi wa nadharia ya Einstein. Mawingu yote mawili lazima yaanzie sehemu moja. Yakitengana kidogo tu, Dunia inayavuta kwa nguvu zinazotofautiana kidogo, na tofauti hiyo inaweza kudhaniwa ni ugunduzi.

Kwa hiyo siku ukisoma kwamba Einstein "kaangushwa" angani, uliza kwanza: gesi zilikuwa zimechanganyika kweli?