Msiitwishe COBOL dhambi zenu

Juzi nilikaa kijiweni na washkaji wa kompyuta, mmoja akabwaga kauli kwamba uchafu wote kwenye programu umeletwa na lugha za wazee. Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Naandika habari, siandiki programu, lakini kisingizio nikikisikia nakijua.

Hebu turudi nyuma. FORTRAN ilitolewa na IBM mwaka 1957, COBOL ikabuniwa mwaka 1959. Kumbukumbu ya mashine za wakati ule ilikuwa finyu na ya bei mbaya, na programu zilitobolewa kwenye kadi zenye safu 80. Ndiyo maana mwaka 1965 uliandikwa 65 tu. Huo haukuwa ujinga, ilikuwa bajeti! Ujinga ni kuuacha hivyo hivyo mpaka hofu ya Y2K ilipobisha hodi.

Na nani kawaambia lugha hizi ziliganda? Mwaka 1968 Edsger Dijkstra alichapisha barua ya kuishambulia GO TO, ile amri inayomrusha msomaji huku na kule ndani ya programu. Lugha zikasikia. FORTRAN 77 ikaleta IF yenye ELSE na mwisho wake, COBOL ya 1985 ikaleta END-IF. Lugha zilijirekebisha. Je, ni wakubwa wangapi waliotenga fedha ili mtu arudi kusafisha programu za jana?

Mimi hili nalijua kazini. Habari yangu ikipita kwa wahariri watatu usiku wa kufunga gazeti, kila mmoja akachomeka aya yake na asiwepo wa kuisoma upya, asubuhi inatoka kichekesho. Tukilaumu Kiswahili?

Aprili 2020, Wamarekani waliopoteza kazi kwa sababu ya korona walifurika kuomba mafao. Gavana wa New Jersey, Phil Murphy, akasimama hadharani kuomba wanaojua COBOL wajitolee, maana mifumo ya jimbo ilikuwa na zaidi ya miaka 40. Jamani! Miaka 40 mnakamua ng'ombe bila kumlisha, akianguka mnamlaumu ng'ombe?

Nanyi washkaji mnaobandika viraka vya Python usiku wa manane kisha mnasema "tutarekebisha kesho", wajukuu zenu watawacheka vivyo hivyo. Anayebisha abishe.